Polisi Shuleni: Wakati Gani?

Mgomo ukitokea katika shule zetu za Jinja na Mbale, wengine husema, "Dawa ya moto ni moto, waiteni polisi!" Mimi naona yafaa tuulize kwanza: je, roho ya mtu imo hatarini? Huko Kyanguli, Kenya, mwaka 2001, bweni lilitiwa moto na wavulana 67 wakafa. Mwenye petroli mkononi yapasa azuiwe kwa nguvu. Lakini huko Lang'ata, Nairobi, mwaka 2015, watoto walirushiwa gesi ya machozi kwa kudai uwanja wao wa michezo. Haikuwa haki. Posho yenye fukusi ni neno la kusemezana. Mwalimu mkuu akiita polisi kwa ajili hiyo, kesho darasani atasikilizwa na nani?