Karatasi yangu imemtema mshikaji

Leo sina stori za bumu wala za foleni ya kantini. Leo nina hoja, tena inaniuma kwa sababu na mimi nina mkono wangu humo.

Si mnajua mimi ndiye mwandika skoa wa timu yetu ya kikapu? Basi juzi Ijumaa kocha kabandika majina ya watakaosafiri, na mshikaji wangu mmoja, mtu wa namba nne, hayumo. Sababu? Eti hana pointi. Na kocha hakutunga, kasoma kwenye karatasi yangu: mechi iliyopita pointi 2, ribaundi 3, asisti sifuri. Yaani nimemtema mtu kwa kalamu yangu mwenyewe...

Bahati nzuri jamaa mmoja alikuwa kairekodi mechi ile kwa simu. Jana usiku tukajifungia rum tukaiangalia upya, daftari mkononi, naandika kila anapoingia na kutoka. Tulifungwa 47–45. Lakini dakika 24 alizocheza yeye tulikuwa tunaongoza 31–22. Dakika 16 alizokaa benchi tukapigwa 25–14! Nikabaki mdomo wazi.

Alikuwa anafanya nini? Anaweka skrini, mdunguaji wetu anapata nafasi, pointi anaandikiwa mdunguaji. Anamziba mrefu wao kwa mgongo, mwenzake anaokota ribaundi kiulaini. Anamnyooshea mrushaji mkono usoni, mpira unagonga chuma. Karatasi yangu haina safu ya hata kimoja kati ya hivyo.

Na si sisi tu. NBA walianza kuhesabu rasmi bloku na stili msimu wa 1973–74. Bill Russell, aliyebeba ubingwa mara 11 na Boston Celtics akastaafu 1969, hana bloku hata moja kwenye kumbukumbu rasmi! Hasheem Thabeet wetu alisifika kwa bloku hadi Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili mwaka 2009. Angecheza zama za Russell, karatasi ingesema nini juu yake? Mwaka huo huo wa 2009 Michael Lewis aliandika makala ndefu kuhusu Shane Battier wa Houston Rockets: namba zake za kawaida tu, ila akiwa uwanjani timu inacheza vizuri zaidi. Siku hizi NBA wanahesabu hadi skrini zilizozaa kikapu.

Hesabu niliyopiga jana inaitwa plas-mainas, yaani timu imepata au imepoteza pointi ngapi wakati mtu yuko ndani. Ila tusidanganyane, nayo ina mtego wake. Ukicheza muda wote na mkali wa timu unabebwa, namba inapendeza. Ndiyo maana wajuzi huirekebisha kwa kuangalia ulicheza na nani na dhidi ya nani. Tena mechi moja ni chache mno, inaweza kuwa bahati. Kwa hiyo sisemi mshikaji ndiye staa wetu. Nasema karatasi yangu haikupaswa kumhukumu peke yake.

Pendekezo langu ni hili. Tuandike muda wa kila mtu kuingia na kutoka, pamoja na skoa ya wakati huo. Tuongeze safu tatu: skrini zilizozaa kikapu, mitupo ya wapinzani aliyoisumbua, na mara alizomziba mtu mwenzake akachukua ribaundi. Na mtu asitemwe kwa namba za mechi moja. Kazi hii inataka watu wawili, mmoja aandike mpira, mwingine aandike wasio na mpira. Mwenye nafasi jioni anitafute.

Kesho naenda kwa kocha na daftari langu. Akikataa, poa, yeye ndiye kocha. Lakini akatae akiwa ameona na hiyo 31–22, sio zile pointi 2 tu.

Nawasilisha.