Krismasi hii badilisha chakula kimoja tu

Krismasi inabisha hodi, na swali ni lile lile katika kila nyumba ya mjini: mwaka huu tutakula nini? Mara nyingi swali hili huulizwa kwa desturi tu, kwa sababu jibu lake linajulikana. Kuku watachinjwa au mguu wa mbuzi utanunuliwa, chapati zitasukumwa tangu alfajiri, pilau itapikwa katika sufuria kubwa ya kuazima, na soda zitatumbukizwa ndani ya karai la maji baridi. Jioni kila mtu atakuwa ameshiba isipokuwa mama, ambaye atakuwa amechoka hata hana hamu ya kuonja alichokipika.

Mpenzi msomaji, mapochopocho hayo hayana ubaya wowote. Kuna familia nyingi ambazo bila chapati Krismasi haijafika, na mimi si wa kuwaambia waziache. Lakini kila mwaka wako wanaotamani kitu tofauti, na wengi wao hukosea mahali pamoja: hutaka kubadilisha meza nzima kwa siku moja. Ushauri wangu ni huu. Badilisha chakula kimoja tu, na ukichague kwa kutazama mambo matatu: soko lina nini msimu huu, jikoni kwako kuna moto gani, na ni nani atakayepika.

Wenzetu walichaguaje?

Watu wengi wanaposema "kitu tofauti" huwa wanafikiria bata mzinga, kwa kuwa ndiye wanayemwona kwenye filamu za Krismasi za Uingereza na Marekani. Basi ni vizuri kujua jinsi ndege huyo alivyofika mezani.

Asili ya bata mzinga ni bara la Amerika. Wahispania walimpeleka Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16. Huko Uingereza, kwa muda mrefu watu wa kawaida walikula bata bukini siku ya Krismasi, na wenye nacho wakala nyama ya ng'ombe. Waliosoma hadithi ya Krismasi ya Charles Dickens, iliyochapishwa mwaka wa 1843, watakumbuka kwamba familia ya yule karani maskini ilikula bata bukini, na bata mzinga alikuwa zawadi ya tajiri. Ni katika karne ya 20 ndipo bata mzinga alipokuwa chakula cha karibu kila nyumba nchini humo.

Tena kumbuka kwamba Krismasi yao huangukia katika majira ya baridi kali, jua linapotua alasiri. Joko likiwaka kwa saa nne, nyumba hupata joto na kila mtu hufurahi. Desemba yetu ni ya jua. Joko likiwaka saa nne katika nyumba ya vyumba viwili mtaani Umoja, watu wote watahamia nje.

Huko Poland na Jamhuri ya Cheki, mlo mkubwa ni wa usiku wa tarehe 24 Desemba, na kitoweo chake ni samaki. Samaki hao hufugwa katika mabwawa, huvuliwa majira ya baridi yanapokaribia, na huko Cheki huuzwa wakiwa hai barabarani, ndani ya mapipa ya maji. Majirani zetu Waethiopia husherehekea Krismasi yao, Genna, tarehe 7 Januari. Waumini wa kanisa la Orthodox hufunga siku 43 bila nyama, maziwa wala mayai, kisha hufungua kwa mchuzi mkali wa kuku na mayai ya kuchemsha, unaoliwa kwa injera. Nao Wajapani, ambao wengi wao si Wakristo, hula kuku wa kukaanga tangu kampuni ya KFC ilipofanya kampeni ya matangazo nchini kote mwaka wa 1974.

Ukiyatazama haya yote utaona jambo moja. Hakuna chakula cha Krismasi kilichoteremka kutoka mbinguni. Kila taifa lilichukua kilichokuwapo wakati huo, kikawa desturi. Nasi tuna ruhusa hiyo hiyo.

Bata mzinga na jiko la mitungi

Jirani mmoja katika mtaa ninaokaa aliamua mwaka fulani kwamba familia yake ingekula bata mzinga. Alimnunua akiwa amegandishwa, uzito wake kama kilo sita, akamleta nyumbani jioni ya tarehe 24. Ndege wa uzito huo huhitaji karibu siku tatu ndani ya friji ili ayeyuke sawasawa. Asubuhi alikuwa bado jiwe. Jiko la nyumba lilikuwa la gesi, la mitungi, halina joko. Ilipofika saa tisa alasiri, wageni walikuwa wakila mkate na majarini, na bata alikuwa akikatwakatwa kwa shoka ili atoshe katika sufuria.

Walicheka baadaye, lakini siku ile hawakucheka. Pesa zilizonunua ndege yule zingetosha chakula cha siku mbili, na karo ya Januari ilikuwa ikisubiri.

Pendekezo langu: samaki wa kupaka

Kama unataka kitu tofauti mwaka huu, fikiria samaki wa kupaka, kama anavyopikwa Mombasa na Lamu. Nina sababu zangu.

Kwanza, ni wa msimu. Mwezi wa Desemba pepo za kaskazi huwa zimeanza kuvuma, bahari hutulia kuliko wakati wa kusi, na wavuvi wa Pwani hupata zaidi. Walio Kisumu wana ziwa mlangoni. Walio Nairobi wataona ngege na sangara Gikomba, na samaki wa baharini katika City Market. Pili, hahitaji joko. Jiko la makaa na wavu wa waya vinatosha. Tatu, huchukua muda mfupi. Nne, watu wengi wanaweza kumla pamoja: jirani Mwislamu aliyealikwa, nyanya aliyeambiwa na daktari apunguze nyama nyekundu, na mtoto aliyetoka bweni akiwa amechoshwa na githeri.

Kwa watu sita, tafuta samaki wawili, kila mmoja kama kilo moja. Mtazame macho: yawe maangavu, hayajaingia ndani. Mashavu yawe mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi. Utahitaji pia nazi mbili, ndimu tatu, punje sita za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole, pilipili mbichi mbili, nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, na chumvi.

Mpare samaki, umtoe matumbo, umwoshe na umchanje pande zote mbili. Twanga tangawizi, saumu na pilipili pamoja. Chukua nusu ya mchanganyiko huo, tia chumvi na maji ya ndimu moja, umpake samaki hadi ndani ya machanjo. Mwache nusu saa mahali pa baridi.

Kuna nazi kwa mbuzi, tia maji ya vuguvugu, ukamue tui zito vikombe viwili. Anayeishi mbali na mnazi anaweza kutumia tui la kopo. Liweke motoni pamoja na bizari, chumvi na ile nusu ya viungo iliyobaki. Koroga bila kuacha, moto uwe mdogo, la sivyo tui litakatika. Likiwa zito kama uji, epua na ukamulie ndimu moja.

Sasa mchome samaki juu ya makaa yasiyo na mwali, kwenye wavu uliopakwa mafuta. Akikaribia kuiva, anza kumpaka tui, umgeuze, umpake tena, mara tatu au nne, mpaka apate rangi ya dhahabu. Tui lililobaki mwagia juu wakati wa kuandaa, pamoja na vipande vya ndimu ya tatu. Huliwa kwa wali wa nazi, na pia kwa zile chapati ambazo hukutaka kuziacha.

Kama kuna watoto wadogo, watolee miba kabla ya kuwapa, au wapikie kuku kwa tui hilo hilo. Wanaoishi katika fleti zisizoruhusu makaa wanaweza kumkaanga samaki kidogo katika kikaango, kisha wakamalizia kumpika ndani ya tui. Na tafadhalini, jiko la makaa lisiwashwe ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, na imekwisha kuua familia nzima zikiwa usingizini.

Kwa kitinda mlo, usihangaike na keki ghali. Maembe ya Pwani na ya Makueni huwa yameingia sokoni. Yakate, uyanyunyizie ndimu na chembe ya pilipili ya unga, uone kama kutabaki kipande.

Nani yuko jikoni?

Nimeacha la tatu mwisho kwa sababu ndilo zito. Katika nyumba nyingi za mjini, chakula cha sikukuu hujadiliwa na watu sita na kupikwa na mmoja. Huyo mmoja ni mama, au binti mkubwa, au msichana wa kazi ambaye naye angependa kuwa kwao siku hiyo. Chakula kipya kikiongezwa juu ya vile vya zamani, maana yake ni kwamba mtu huyo ameongezewa saa mbili za moshi. Ndiyo maana nasema badilisha, sikusema ongeza. Samaki akiingia, kitoweo kimoja kitoke.

Uzuri wa samaki huyu ni kwamba kazi yake hugawanyika. Mvulana wa kidato cha pili anaweza kukuna nazi. Wadogo wanaweza kukamua ndimu. Naye baba, ambaye kwenye vilabu vya nyama choma husifika kwa kugeuza mbavu, hana kisingizio cha kushindwa kugeuza samaki nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Mama akae, apakuliwe, ale kikiwa moto.

Basi fanyeni hivi. Jumapili moja kabla ya sikukuu, pikeni samaki mmoja kwa majaribio. Kila mtu aonje na aseme. Kama nyanya atasema hapana, msikilizeni, maana huenda kuna chakula cha ujana wake ambacho hajakionja miaka mingi, nacho kikawa ndicho kitu tofauti mlichokuwa mkitafuta. Kama wote watasema ndiyo, andikeni orodha ya vitu, mgawane kazi kwa majina, na muweke kando pesa za karo na za nauli ya kurudi mjini kabla ya kwenda sokoni. Nauli za Desemba hazina huruma, na Januari haimsubiri mtu.

Nawatakia nyote Krismasi njema, nanyi kina mama nawatakia viti vya kukalia siku hiyo.