Kisima Chako Kina Namba Gani?

Anayechimba kisima Arusha huuliza maswali mawili: maji yako mita ngapi chini, na yatatoka lita ngapi kwa saa. Akiridhika na majibu analipa, anafunga pampu, anapandisha tanki juu ya mnara, na wapangaji wake wanaanza kunywa. Swali la tatu, kwamba maji hayo yana floraidi kiasi gani, huulizwa na wachache mno. Toleo hili linalisimamia swali hilo. Kisima cha binafsi kisinyweshe mtu yeyote, awe mtoto wa nyumbani, mpangaji, mwanafunzi au mnunuzi wa ndoo, kabla hakijapimwa. Na kikishapimwa, namba ile ni haki ya anayekunywa.

Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina floraidi nyingi lakini kalisi haba. Maji ya mvua yakipenya kwenye majivu na tope la kale la volkano huibeba floraidi, na kwa kuwa kalisi ya kuifunga ili ituame ni kidogo, huendelea kusafiri nayo. Maziwa ya Momella yamejaa floraidi kwa sababu hiyo, na mito ya Maji ya Chai na Engare Nanyuki inajulikana kwayo. Sifa mbaya ya maeneo hayo machache imewafanya wakazi wa kwingineko wajione salama. Kumbe chemchemi za juu msituni mara nyingi zina floraidi kidogo, nayo huzidi kadiri unavyoshuka, na visima viwili vya mtaa mmoja vyaweza kupishana sana kwa sababu vimepita kwenye matabaka tofauti. Kipimo cha jirani hakikuhusu.

Madhara yake kila mtu wa huku ameyaona. Kijana wa Arusha akienda kusoma Dar es Salaam hutambulika kwa meno ya kahawia kabla hajataja kwao, na wengi hujifunza mapema kucheka huku wameziba mdomo kwa kiganja. Jino huharibika likiwa bado linajijenga ndani ya ufizi, katika miaka minane hivi ya mwanzo ya maisha, na hakuna mswaki wala dawa ya meno itakayorudisha kilichopotea. Floraidi ikiwa nyingi zaidi na kwa miaka mingi, huingia kwenye mifupa: miguu ya watoto hupinda, migongo ya wazee hukakamaa. Na magadi tunayotia kwenye maharage na makande huongeza floraidi juu ya ile iliyomo majini.

Serikali haikukaa kimya. Kiwango kilichoruhusiwa kwa maji ya vijijini kilikuwa miligramu 8 kwa lita, kikashushwa hadi 4, na leo ni 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Mamlaka ya maji ya jiji, AUWSA, imetekeleza mradi wa shilingi bilioni 520 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ikafuata maji yenye floraidi kidogo hadi wilaya jirani ya Hai. Ni kazi kubwa na tunaipongeza. Lakini fikiria kisima cha binafsi kilichopimwa zamani kikakutwa na 3.5. Siku ile kilifaa. Leo hakifai, ingawa maji ni yaleyale na karatasi ya zamani bado iko kabatini ikimpa mwenyewe amani asiyostahili.

Kuchemsha hakusaidii; maji yanapopungua sufuriani, floraidi iliyobaki inazidi kukolea. Dawa ya klorini huua vijidudu na kuiacha ilivyo. Kinachofanya kazi ni chujio, na Kituo cha Utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mfupa ukiungua pungufu, maji hunuka na kubadilika rangi. Ukiungua hadi kuwa mweupe, nguvu yake ya kunasa floraidi hushuka. Na hata mkaa mzuri hufika mahali ukashiba. Hapo maji huendelea kutoka bombani yakiwa safi machoni, yana floraidi yote, na bila kupima hakuna atakayejua. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, aliyeshinda tuzo ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza kwa wahandisi wa Afrika mwaka 2015, alibuni chujio linaloandaliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Maana yake, hata teknolojia yetu bora huanzia kwenye kipimo.

Gharama ndiyo hoja tunayotarajia kusikia. Mtu aliyelipa mamilioni kutoboa ardhi na kununua pampu hawezi kushindwa na ada ya maabara. Tunaiomba Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, inayotoa vibali vya visima, iifanye namba ya floraidi kuwa sharti la kibali na la kila kinapohuishwa, na matokeo yawe wazi kwa umma. Shule yenye kisima chake iibandike namba kwenye ubao wa matangazo. Mpangaji aioneshwe kabla ya kulipa kodi.

Asiyetaka kusubiri sharti aanze wiki hii. Iache pampu ikimbie dakika kadhaa ili maji yaliyolala kwenye bomba yaishe. Usichote kwenye tanki. Suuza chupa safi ya plastiki mara tatu kwa maji yaleyale, ijaze, andika tarehe na jina la kisima, ipeleke maabara ya maji. Rudia baada ya masika na tena mwishoni mwa kiangazi, kwa sababu floraidi hupanda na kushuka na majira, na namba ya kufanyia uamuzi ni ile kubwa.