WATOTO WA NDANI NAO WAENDE SHULE



Kila Januari tunapeleka watoto darasa la kwanza. Lakini wamo watoto wa kijiji hiki ambao majina yao hayafiki shuleni. Yupo asiyesikia, yupo anayetambaa, yupo albino asiyeona mbali. Ukimuuliza mzazi anasema, "Huyu hawezi, tumwache tu." Hivi jamani, nani kampima?

Sisi wa kisomo cha watu wazima tunalijua jambo hili. Tuliingia darasani na mvi, vidole vimezoea jembe. Mwalimu hakutufukuza. Mwenye macho mabovu alikaa mbele, aliyechelewa kuelewa alirudiwa somo. Leo risiti ya mazao yetu tunaisoma wenyewe. Ikiwa sisi watu wazima tulisubiriwa, mtoto mdogo asisubiriwe?

Nchi yetu ilianza elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inampa mtoto huyu haki ya kusoma sawa na wenzake. Basi hatumfanyii hisani, ni haki yake.

Wengine wanasema eti apelekwe shule maalum. Shule hizo zipo na zina kazi yake, hasa kwa kiziwi anayehitaji lugha ya alama. Lakini mambo mengi hayangoji mtaalamu. Albino akae mstari wa mbele, asielekee mwanga wa dirisha, na juani avae kofia pana na mikono mirefu. Asiyesikia vizuri amwone mwalimu usoni. Mwalimu asiseme huku ameuelekea ubao. Anayetambaa atengenezewe njia ya kufika darasani na chooni.

Tunajua watoto ni wengi na mwalimu ni mmoja. Ndiyo maana mzazi anatakiwa. Mama ndiye anajua mwanawe akitaka maji anaonyeshaje, anachoka saa ngapi, anaogopa nini. Walimu, msimwite mzazi siku ya kosa tu, atawakimbia. Mwiteni mapema, mkae naye, mumsikilize. Na wewe mzazi ukiitwa, nenda, baba na mama.

Tujisahihishe. Hata sisi viongozi tumepita nyumba hadi nyumba tukihesabu kadi na magunia, watoto wa ndani hatukuwahesabu. Kosa hilo ni letu.

Sasa tunapendekeza kwa mkutano wa Ushirika: kila balozi aandike watoto wote wa nyumba zake, bila kuficha hata mmoja. Mwalimu na mzazi wakutane kabla ya shule kufunguliwa. Mafundi wetu wajenge mteremko mlangoni pa darasa la kwanza. Mawe na mchanga tunavyo, nguvu tunazo.

Shime ndugu! Tufungue milango.

Katibu wa Tawi