Sapu ya Megadeth

Leo sina habari za boom wala foleni ya kantini. Nina ugomvi wa muziki ulioanza juzi ghetto kwa mshikaji wangu, Chang'ombe. Kwa kuwa alinizidi kelele, namalizia hapa ambapo hawezi kunikatisha.

Kwa wasioijua, Megadeth ni bendi ya metali ya Marekani ya Dave Mustaine, yule aliyetimuliwa Metallica mwaka 1983. Mwaka 1992 albamu yao Countdown to Extinction ilifika namba 2 kwenye chati ya Billboard. Halafu mwaka 1999 wakatoa Risk. Lars Ulrich, mpiga ngoma wa Metallica, alikuwa amesema Mustaine anatakiwa athubutu zaidi, na jina la albamu likatokana na hapo. Jamaa akathubutu kweli! Wakarekodi Nashville, mji wa muziki wa kantri, chini ya prodyuza Dann Huff. Magitaa yakapoa, viitikio vikawa vya redioni, na ndani kuna "Crush 'Em", wimbo wa kuimbwa viwanjani kwenye michezo. Mashabiki wakanuna ile mbaya.

Mwaka 2002 Mustaine aliumia mshipa wa fahamu wa mkono, akavunja bendi. Mwaka 2004 akarudi, na katika kurudi huko akachanganya upya albamu zao zilizotoka Capitol, Risk ikiwemo. Mwishoni akaongeza nyimbo tatu, nazo ni michanganyo mingine ya nyimbo zilezile.

Mshikaji anasema toleo la 2004 limeiokoa Risk. Mimi nasema hapana, na sio ubishi tu. Nimezisikiliza zote mbili, hedifoni masikioni, desa pembeni halijaguswa. Sauti imebadilika, sawa. Lakini tatizo la Risk halikuwa sauti, lilikuwa nyimbo zenyewe. Ugali mbichi hauivi kwa kuhamishiwa sahani nyingine.

Hii ni sapu, wadau. Na sapu tunazijua: hata ukijibu maswali yote, kwenye matokeo unaandikiwa C. Hakuna aibu kuifanya. Namheshimu Mustaine kwa kurudi chumba cha mtihani wakati wenzake wengi wangejifanya albamu ile haikuwahi kutoka.

Kinachoniuma ni Rust in Peace ya 1990. Ile ilikuwa A safi, nani alimtuma kuifanyia sapu? Mwaka 2004 nayo akaichanganya upya, na kwa kuwa baadhi ya sauti za zamani hazikupatikana, akaimba upya sehemu hizo. Ukiwa umeizoea ya kwanza, unasikia mtu mzima kavaa shati lake la fomu two.

Mshikaji akanijibu: "Mbona Msondo wanapiga nyimbo za enzi za JUWATA kila siku na hulalamiki?" Kidogo anishike. Lakini Msondo wakizipiga ukumbini leo, rekodi walizofanya zamani Redio Tanzania bado zipo, na redioni bado zinapigwa. Mpya haikuja kumfukuza ya zamani. Nachotaka ni hicho tu: msanii arekebishe anavyotaka, kazi ni yake, ila ile ya kwanza isiondolewe dukani, hata kama ilikuwa mbovu. Kuna mtu aliyeipenda vilevile.

Mwenzenu nina sapu moja inanisubiri, ndiyo maana haya mambo yamenikaa kichwani. Juzi nilitoa ile karatasi niliyofeli nikataka kuichana. Nimeirudisha kwenye faili. Nikiichana, nitajuaje nilikosea wapi?

Haya, umeme usije ukakatika kabla sijaituma. Anayeitetea Risk ya 2004 aje ghetto, ila aje na hedifoni zake.