Mizani ya Sumu



Katika biashara zote tulizopata kuzisikia, hapana iliyo ya ajabu kama biashara ya aseniki. Waarabu waliijua tangu zamani. Kwao madini yake ya rangi ya manjano ni zarnikh, na vitabu vinavyonasibishwa na Jabir bin Hayyan vyayataja. Ule unga mweupe upatikanao kwa kuyachoma waliuita sumu ya panya. Hauna harufu wala ladha ya kumwonya mlaji, na kwa macho hupambanui baina yake na sukari iliyosagwa. Lakini kinachotushughulisha leo si kuua kwake. Twataka kutazama bei yake, na nani aliyeilipa.

Karafuu mtu huipanda kwa kuitaka. Aseniki aghlabu haitafutwi: hutoka pamoja na shaba au dhahabu. Mawe yakichomwa hupanda nayo katika moshi, na moshi ukipoa huganda ukawa unga. Mwenye mgodi hana ila njia mbili, auuze unga ule au abaki nao. Ndiyo maana ulitafutiwa wanunuzi kila pembe: watengeneza rangi, wafua vioo, wayeyusha risasi, wakulima wa pamba, na wafugaji. Hata majosho ya ng'ombe ya Kenya na Tanganyika, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, yalitiwa dawa ya aseniki ili kuua kupe. Sisi wenye maduka twaijua hali hiyo. Mali iliyokukalia vibaya ndiyo unayoisifu zaidi kwa wateja.

Mwaka 1844 shaba ilionekana karibu na mto Tamar, kusini-magharibi ya Uingereza, katika ardhi ya Duke wa Bedford. Kampuni iliyoundwa, Devon Great Consols, ilikuwa na hisa 1,024 za pauni 1 kila moja, na haukupita muda mrefu hisa moja ikafikia pauni 800. Shaba ilipopungua wakaugeukia ule uchafu waliokuwa wakiutupa. Mwishoni mwa karne ya 19 migodi michache ya bonde lile ikawa yatoa karibu nusu ya aseniki ya ulimwengu mzima. Unga ulikwanguliwa katika kuta za vyumba vya moshi na watu waliojiziba pua kwa pamba, wakajifunga kitambaa usoni na kujipaka udongo mwilini. Hiyo ndiyo iliyokuwa kinga yao.

Miongoni mwa wakurugenzi wa kampuni hiyo, toka 1871 hata 1875, alikuwa William Morris, mshairi na mchoraji wa karatasi za kupambia kuta, ambaye baadaye alisimama upande wa wafanya kazi wa Kiingereza. Rangi ya kijani ya baadhi ya karatasi zake ilikuwa na aseniki. Madaktari waliposhuku kwamba karatasi za namna hiyo zawadhuru watu majumbani, barua yake ya 1885 iliwafanyia mzaha. Hatumtaji ili kumvunjia heshima, maana mema yake ni mengi. Twamtaja kwa kuwa mtu mwenye huruma kama yeye, aliyeishi kwa faida ya mgodi ule, naye hakuuona moshi wake.

Je, sheria ilisema nini? Mwaka 1851 Bunge la Uingereza lilimwamuru muuza rejareja aandike daftarini jina la mnunuzi, mahali akaapo na haja yake, tena auchanganye unga na masizi au nili ili utambulikane. Ni amri njema, wala hatuna neno nayo. Lakini muuza jumla akimwuzia mwenye duka kwa barua hakushurutishwa hivyo, na mwenye mgodi hakuulizwa lolote juu ya moshi. Miaka saba baadaye, mjini Bradford, mtengeneza peremende aliagiza unga wa chokaa wa kuchanganya na sukari, maana sukari ilikuwa ghali. Dukani akapimiwa ratili 12 za aseniki kutoka pipa lisilo na maandishi. Watu wapatao 20 walikufa, na zaidi ya 200 wakaugua. Kwanza wizi wa kuchanganya, kisha pipa bila jina; hayo mawili yakikutana hapahitajiwi muuaji.

Barazani huenda mtu akauliza, haya ya Waingereza yatuhusu nini? Basi na tutazame kwingine. Huko Yellowknife, Kanada, mgodi wa dhahabu uitwao Giant ulifanya kazi toka 1948 hata 2004. Dhahabu iliondoka, chini ya ardhi zikabaki tani 237,000 za unga wa aseniki. Mwenye mgodi alifilisika 1999, na gharama ya kuulinda ule unga ikamwangukia mlipa kodi. Na Afrika nayo ina fungu lake. Katika miaka ya karibuni, mawe ya shaba na dhahabu yaliyosagwa, yenye aseniki nyingi, yalichimbwa Chelopech, Bulgaria, yakapakiwa melini hadi Namibia kuyeyushwa Tsumeb. Mwaka 2012 serikali ya Namibia iliamuru kazi ipunguzwe kwa ajili ya afya ya watu. Kiwanda kikauzwa tena 2024. Aseniki ile haikurudi Bulgaria.

Hata nyumbani imo. Nguzo nyingi za umeme za Tanzania bara, za mikaratusi ya Iringa, hutiwa dawa ya shaba, kromi na aseniki zisiliwe na mchwa. Rangi yake ya kijani twaijua sote. Ikisimama, nguzo hiyo ni kheri kwa watu. Ikichomwa, aseniki hutoka katika moshi na kubaki katika majivu. Viwanda vya Marekani viliacha kuitia dawa hiyo katika mbao nyingi za majumbani ulipokwisha mwaka 2003. Twataka kila nguzo ya namna hiyo ishukayo bandarini iandikwe kwa Kiswahili kilichomo ndani yake, na vipande vikatwavyo vihesabiwe na kurudishwa bohari. Wanachama mlio na mama lishe au waoka mikate jirani, waambieni leo: kipande cha nguzo ya kijani kisiingie jikoni, wala jivu lake lisitiwe mchichani.