Kiongozi Tumtakaye Tawini

Ndugu wafanya kazi, uchaguzi wa tawi letu umekaribia, na kila jioni, toka Makongeni mpaka Kaloleni na Shauri Moyo, twasikia majina yakitajwa. Huyu asifiwa kwa sauti yake, yule kwa kuwa haogopi wakubwa. Sauti ni kitu chema, na ushujaa pia. Lakini sisi tunaotoa ada kila mwezi twataka kuuliza jambo jingine: je, mtu huyu huandika?

Twauliza kwa sababu tumeyaona. Mjumbe aenda ofisini peke yake, mlango wafungwa, akitoka asema mambo yamekwenda vizuri. Baada ya miezi mitatu mkubwa akana kila neno, nasi hatuna hata karatasi moja ya kumwonyesha. Hapo ushujaa wa mjumbe watufaa nini?

Tumkumbuke Makhan Singh, aliyefanya kazi katika kiwanda cha chapa cha baba yake hapa Nairobi. Mwaka 1935, yeye akiwa mwandishi wa chama, chama kilichoanzishwa na Wahindi kilibadilishwa jina, na mlango ukafunguliwa kwa wafanya kazi wa kila taifa. Matangazo yake yalitolewa kwa lugha za Kihindi na kwa Kiswahili, ili mtu asome mwenyewe, asingoje kuambiwa na jirani. Mwaka 1937 mafundi waligoma siku 62, na waajiri wakakubali kuongeza mishahara. Siku 62, ndugu! Mgomo wa namna hiyo haushikwi kwa hotuba. Mtu aliyekaa miezi miwili bila mshahara lazima ajue mazungumzo yamefika wapi, la sivyo atarudi kazini kimya kimya.

Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni tunaoujua sote, alidai mbele ya mkutano uhuru wa nchi hizi. Tarehe 15 Mei alikamatwa pamoja na Fred Kubai, na wafanya kazi wa Nairobi wakagoma. Serikali ilimweka mbali na watu mpaka Oktoba 1961. Alipotoka hakupewa cheo kikubwa, jambo ambalo mpaka leo latuuma. Lakini karatasi zilikuwapo. Mwaka 1969 alitoa kitabu cha historia ya vyama vya wafanya kazi wa Kenya mpaka 1952, chenye tarehe na madai ya wazee wetu, na karatasi zake zimewekwa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Wako watakaosema kwamba twatafuta karani, si kiongozi. Sivyo. Wengi wetu tulisoma madarasa machache tu ya misheni, lakini kuandika tarehe, kiasi cha fedha na neno lililosemwa hakuhitaji cheti. Kwahitaji mtu asiyechoka jioni, naye hapatikani kwa wingi.

Kwa hiyo twaomba mkutano wa uchaguzi uanze na hesabu. Walio na vyeo sasa walete vitabu vya risiti na kumbukumbu za mikutano, zisomwe mbele ya wote. Wanaotaka kuchaguliwa watuambie watatuletea habari siku gani ya mwezi, na mahali gani. Nasi wanachama, kila mtu aje na risiti zake.